Jino Lisilosahihishwa

Fulda, Ujerumani
9 Novemba 1997

Mjomba Kasiani,

Shikamoo. Salamu zote nyingine zigawe mwenyewe hapo Kitangari, ukianza na mama na mwanangu Agatha, maana leo nina jambo moja tu na nikianza kusalimia mtu mmoja mmoja litanipotea.

Mjomba, nimeona mashine inayochonga jino.

Unajua nilikuja huku kujifunza kutengeneza meno ya bandia, ili nikirudi niifanye kazi hiyo hospitali ya Ndanda. Tangu nifike nimekuwa nikiyeyusha nta, nikimwaga plasta na kusugua kwa msasa, kazi ambayo wewe ungeielewa bila mkalimani. Juzi fundi wetu mkuu, mzee mmoja aitwaye Bwana Heinz, akatupeleka chumba cha pili. Humo kuna kabati lisilozidi cherehani na meza yake, na juu yake kompyuta. Mgonjwa alikaa, akafungua kinywa, Bwana Heinz akaingiza kamera ndogo ya kiasi cha kidole na kupiga picha. Jino likatokea kwenye kioo cha kompyuta, kubwa kama embe, akawa analigeuza huku na huku kwa kidole kimoja. Pale palipovunjika kompyuta ikapajaza yenyewe, mstari kwa mstari.

Kisha akaweka kipande cha kaure ndani ya kisanduku chenye dirisha. Magurudumu madogo yenye chenga za almasi yakaanza kukila huku maji yakikimwagikia. Hakuna mkono uliokigusa. Tulisimama dirishani, watu wazima, kama watoto wanaomsubiri mama aepue ugali. Kile kipande kilipungua, kikapungua tena, mwisho kikawa jino. Mgonjwa akaondoka nalo kinywani asubuhi hiyohiyo.

Nilitokwa na machozi na sikuona haya. Bwana Heinz anasema huu ni mwanzo tu. Anasema itafika siku picha itapigwa mji mmoja na jino litachongwa mji mwingine, na umbo litapita kwenye waya wa simu. Yeye hataiona hiyo siku, kwa umri wake, lakini amenihakikishia kwamba mimi nitaiona. Nilimwambia kwetu nina mjomba aliyechonga meno ya watu kwa patasi mpaka yakawa na ncha, kama ilivyokuwa mila. Alidhani Kijerumani changu kimenipotosha.

Jambo lingine ni mama. Barua zake anazoandikiwa na Agatha zimekuwa fupi, "bibi hajambo" na basi. Na kwenye picha mliyonitumia amejifunika mdomo kwa kanga. Kuna nini?

Mpwa wako,
Veridiana


Kitangari
14 Desemba 1997

Mpwa wangu Veridiana,

Marahaba. Barua yako ameipandisha Mujibu kutoka Masasi. Tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua korosho, lori lake halikauki huku juu, na posta yetu siku hizi ni yeye. Barua inanuka magunia, lakini imefika.

Nimeisoma hiyo habari ya mashine na sina budi kukuuliza, maana kuuliza si ujinga. Mimi nilipokuwa nachonga, mtu alilala chali, kichwa chake mapajani kwangu. Patasi ndogo, kinyundo, halafu tupa. Nilisikia pumzi zake, na zikibadilika nilisimama, nikampa maji, tukapiga hadithi. Jino moja lilinikalisha tangu umande mpaka kivuli kinageuka. Sasa hiyo mashine yako inasikia pumzi za nani? Haraka haraka haina baraka, na hayo maji inayomwaga sisi huku tungeyanywa, kwa jinsi foleni ya kisimani ilivyo.

Haya, la mama yako. Alinikataza kukuandikia, lakini mimi ni kaka yake mkubwa na sikatazwi. Mwezi wa nane alikuwa anafungua kwa meno fundo la kamba ya ndoo, fundo gumu, na jino la mbele likakatika. Kimebaki kisiki. Maumivu yalikwisha baada ya muda mfupi. Kilichobaki ndicho kibaya. Anazungumza nyuma ya kanga, hata na mimi.

Na unajua mwakani, likizo ya katikati ya mwaka, Agatha anaingia chiputu, unyago wa wasichana. Nani kungwi mkuu wa kijiji hiki kama si bibi yake? Sasa amewaambia wanawake wenzake watafute mwingine. Anasema nyimbo zikimtoka siku hizi zimejaa upepo, na mwali hafundwi kwa upepo. Agatha naye kasema kama bibi haongozi, yeye haingii. Wanawake wanasema mtoto ameshakua na hawawezi kumsubiri mwaka mwingine. Ametoa kauli ya mtu mzima, lakini nimemkuta nyuma ya jiko analia.

Wewe ndiye mama yake na uko Ujerumani. Bibi yake kajifunika. Mtoto huyu atasimama na nani siku ya ngoma? Hilo ndilo ninalokuuliza, achana na almasi.

Mjomba wako,
Kasiani

Maandishi yamekuwa makubwa kwa sababu kalamu ni mbaya.


Fulda
22 Februari 1998

Mjomba,

Shikamoo, na asante kwa kutokatazika.

Najua ile barua yangu fupi ya Krismasi ilikufikia, kwa sababu mlifanya yote niliyoomba, mkampeleka mama Ndanda akachukuliwa umbo la kinywa. Mgeni wa hospitali aliyerudi kwao huku ameniletea boksi. Nililifungua peke yangu. Ndani, kwenye pamba, palikuwa na plasta ya kinywa cha mama. Mjomba, nilikitambua kabla sijakitoa. Nilikaa nacho mapajani mpaka wenzangu wakauliza kama nimefiwa.

Mwambie Daktari Yeremia, yule wa meno, kwamba kisiki amekipunguza vizuri mno, kila mtu hapa amemsifu. Kinachotakiwa ni kofia ya jino, yaani jino lenye uwazi chini, linaloketi juu ya kisiki na kugandishwa kwa saruji ya meno. Tuliipiga picha ile plasta, na hapo nikaona ajabu ya pili. Ndani ya kompyuta kuna maumbo ya meno ya watu wengi sana, kila aina. Kompyuta hutazama majirani wa jino lililopotea, ikawaza, ikaleta linalofanana nao. Ni kama kijiji kizima cha meno kimekaa mle ndani kikisubiri kuitwa.

Kwa mama ilisita. Majirani wana ncha, na ncha hizo haikuzielewa. Iliandika kwamba kuna kosa, ikatupa jino la kawaida, bapa, zuri, lenye kung'aa. Nikasema vema, na hivyo ndivyo nilivyotaka. Bwana Heinz alinisaidia kulisahihisha kidogo pembeni, na mashine ikalichonga mbele ya macho yangu. Niliomba niwe mimi wa kulitoa kwenye kisanduku. Lilikuwa bado na maji.

Hili ni la kwanza, mjomba. Nikirudi tutayafunika yote ya mbele, mama awe na meno ya msichana, na akishuka Dar asinyooshewe kidole. Usimwambie bado. Nataka liwe jambo la kumshangaza.

Veridiana


Kitangari
29 Machi 1998

Veridiana,

Marahaba.

Nianze na haki, nisije nikaitwa mzee mwenye kijicho. Mvua za mwaka huu unazisikia huko redioni. Kwenye mteremko wa kushuka Masasi lori lilizama, tukashuka abiria wote tukasukuma, mama yako akiwa mbele na kanga mdomoni. Ndanda tulifika tumepakaa tope mpaka nyusi. Daktari Yeremia akanipa lile jino nilishike kabla hajaliweka. Kisha akaliketisha juu ya kisiki, na likaketi kama kifuniko kwenye chungu chake. Halikucheza, wala hapakupita uzi kati yake na fizi. Mpwa wangu, miaka yote niliyochonga sijapata kufanya kitu kikakaa namna ile bila kukirudia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyeiunda mashine hiyo ana akili inayotisha, na nimemvulia kofia yangu yenye tope.

Sasa la pili. Mama yako alipewa kioo. Alijitazama muda mrefu kisha akamwuliza daktari kwa adabu kabisa, "Hili ni la nani?"

Daktari akamwambia, "Ni lako, mama, limetoka kwa mwanao."

Akasema, "Kama ni la mwanangu mrudishieni. Mimi sina jino kama hili."

Daktari alikuwa ameligandisha kwa saruji nyepesi ya majaribio, akalitoa. Tulirudi kama tulivyokwenda, na njiani alijifunika zaidi ya mwanzo.

Nilisoma barua yako mara nyingi kutafuta mahali uliposema mama yako alikuomba meno ya msichana. Sikupaona. Jino moja bapa katikati ya wenzake wenye ncha, kama mlango wa benki kwenye nyumba ya udongo. Ungewaona wanawake wakitazama mlango huo badala ya kusikia wimbo. Na nani alikuambia ananyooshewa kidole? Alikwenda Dar mara moja, akarudi akitusimulia watu wa huko walivyo na meno yasiyosema wametoka wapi. Yeye ndiye aliyewacheka.

Meno yale ni yake. Alilala chini akiwa msichana, akaogopa, akavumilia, akaamka ni mtu. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema, lakini wewe hukuziacha za kwako, ulitaka kumvua mwenzako za kwake, tena kwa kumshangaza.

Nimekasirika, na nimeandika nikiwa nimekasirika ili usije ukadhani nakutania.

Kasiani


Fulda
19 Aprili 1998

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, na sikuweza kupanda wala kushuka.

Sina la kujitetea. Nilidhani. Shuleni Masasi niliwasikia wenzangu wakiwacheka bibi zao, nami nikanyamaza. Nikadhani mama naye amekuwa akinyamaza miaka yote. Sikumwuliza hata mara moja. Mashine iliposema meno yake ni kosa, mimi nikaiamini mashine, na hilo linaniuma kuliko maneno yako. Nimemwandikia mama peke yake na kumwomba radhi, sijui kama atajibu.

Nilimweleza Bwana Heinz yote, hata mlango wa benki. Hakucheka. Alifikiri, akasema kompyuta haijui kitu chochote isipokuwa kile ilichoonyeshwa, na hakuna mtu aliyewahi kuionyesha jino la Kimakonde. Akaniuliza, "Ni nani anayelijua umbo hilo?" Nikasema ni mjomba wangu. Akaniuliza kama ni yule wa patasi, kumbe siku ile alinielewa. Akasema, "Basi atuchongee yeye. Kwa mti, kwa chochote kigumu, kwa ukubwa uleule. Kamera itapiga picha na mashine itamfuata."

Nimewahi kukuona ukichonga miko, mipini na yule ndege aliye juu ya mlango wako. Nakuomba umchongee mama jino. Daktari Yeremia ana plasta nyingine ya kinywa chake, atakupa. Likinifikia mwanzoni mwa Juni nitaweza kulirudisha kabla ngoma haijalia. Likichelewa, mwanangu atasimama peke yake, na kosa litakuwa langu.

Mjomba, jambo jingine. Barua zako mistari inapandana siku hizi, mmoja juu ya mwenzake. Kweli ni kalamu?

Veridiana


Kitangari
17 Mei 1998

Mpwa wangu,

Marahaba. Hasira zimekwisha, zilinyeshewa na mvua. Kalamu nimebadilisha, sasa ni karatasi isiyo na mistari. Mimi mzima.

Kazi yako imekamilika na iko njiani ndani ya kikopo, kwenye pamba ya hospitali. Ni mpingo. Ulikuwa umebaki kutoka kwenye mguu wa yule ndege, umekauka miaka mingi, haupasuki wala haupindi. Nilitoa patasi yangu ya zamani kutoka ilipokuwa imelala, nikainoa. Nilidhani mkono utakuwa umesahau, kumbe unakumbuka vizuri kuliko mwenyewe.

Lakini sikuchonga peke yangu, na hili nataka ulijue. Nilipolifikisha kwenye umbo, nilimpa mama yako akaliegesha juu ya kisiki kwa kidole, akapitisha ulimi. Akasema, "Bado, limenenepa upande wa moyo." Nikapunguza. Akapitisha ulimi tena. "Ncha yake ilikuwa inaangalia ndani kidogo." Nikarudi. Ulimi wake umeishi na jino hilo tangu usichana, Veridiana, unalijua kuliko kioo. Nikikosea, hasemi kitu, ananirudishia tu. Siku ya mwisho aliniambia, "Kaka, uliponichonga mara ya kwanza sikulalamika hivi," na tukacheka wote wawili, akasahau kanga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka tangu lile fundo la kamba.

Agatha alikuwa anatutazama. Akaniuliza kwa nini yeye hatachongwa. Nikamwambia wakati wake ni mwingine na uzuri wake ni mwingine, wala hadaiwi. Ni kweli hivyo, sisikitiki. Ila niliowachonga wamebaki wachache, wengi nimewazika, na kila ninapomzika mmoja nazika kazi yangu. Sijawahi kumwambia mtu hili.

Niliposhuka Masasi kumkabidhi Mujibu kikopo, alikuwa na mashine mpya ya faksi dukani. Karatasi inaingia kwake, inatokea Dar es Salaam. Nikamwuliza kama jino linaweza kupita. Alicheka, akasema bado. Nimerudi Kitangari njia nzima nalifikiria hilo neno "bado". Zamani mtu angesema "haiwezekani".

Kasiani


Fulda
7 Juni 1998

Mjomba,

Shikamoo. Jino lako limefika na kazi imekwisha. Hebu nikusimulie polepole.

Kwanza kamera ilikataa. Mpingo ni mweusi na unang'aa, picha haikuona kitu. Bwana Heinz akasema kila kinachopigwa picha hapa hupuliziwa poda nyeupe kwanza, hata meno ya Wajerumani. Akalipulizia. Mjomba, jino lako lilipakwa unga kama mwali siku ya kutolewa nje. Sikuweza kuwaeleza wenzangu kwa nini nilishika mdomo.

Likapigwa picha, likajaa kioo kizima. Nililiona kama mlima, na kila pigo la patasi yako likiwa bonde dogo. Wale wanafunzi wenzangu waliacha meza zao wakaja. Mmoja akauliza limetengenezwa kwa chombo gani, nikamwambia kwa patasi na ulimi wa mama yangu.

Ubavuni palikuwa na alama. Mkwaruzo mwembamba wa unywele, kama patasi iliteleza. Bwana Heinz akanionyesha, akasema, "Bonyeza hapa, kompyuta itapafuta." Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nikakumbuka mara ya mwisho niliposahihisha. Nikamwambia, "Acha."

Akasema, "Lakini ni kosa."

Nikasema, "Labda. Si juu yangu kuamua, wala si juu ya mashine."

Aliniangalia, kisha akaacha. Tukaweka kaure ya rangi ya meno ya mama. Maji yakamwagika, magurudumu yakazunguka, na nikaona mkono wako ukitembea mle ndani bila wewe kuwepo. Sina namna nyingine ya kulisema. Ulipogeuza patasi, almasi iligeuka. Lilipotoka, Bwana Heinz alivua miwani na kulishika muda mrefu.

Kisha akaniuliza jina lako, akaliandika. Kila umbo mle lina jina lake. Sasa kati ya maumbo yote ya kompyuta ile kuna moja linaloitwa Kasiani. Mashine ikikutana na kinywa kama cha mama haitaandika tena kwamba kuna kosa. Mjomba, hiyo kazi yako haitazikwa tena.

Mgeni anayekwenda Ndanda analichukua kesho. Mwombee njia.

Veridiana


Kitangari
5 Julai 1998

Mpwa wangu,

Marahaba. Limefika, limegandishwa kwa saruji nzito, na sijui limepokewaje. Nakuandikia nikiwa na wasiwasi.

Daktari Yeremia alinipa nilishike kama mara ile. Nikapitisha kucha ubavuni, kucha ikakwama kidogo. Nikajua. Niliteleza pale siku ya mwisho, nikatumaini mashine yenye akili kiasi hicho itapafuta bila kuniaibisha. Wewe ukakataa ipafute. Imenifuata mpaka pale nilipopotea. Nimeogopa, Veridiana, na sijui kama naogopa kwa aibu au kwa ajabu. Kitu kilichotoka mkononi mwangu kilivuka bahari kikiwa mti, kimerudi kikiwa mfupa.

Mama yako alitazama kioo, akafunga kinywa, hakusema lolote. Kutoka Ndanda mpaka Masasi kimya. Masasi Mujibu alimkaribisha chai, akainywa kimya. Tukapanda juu mpaka Newala, mpaka nyumbani, hakuna neno. Nilitaka kumwuliza lakini nilikosa ujasiri wa kusikia jibu.

Leo ngoma imelia. Wanaume hatusogei, unajua. Agatha amekwenda na wenzake, wamefunikwa. Bibi yake alitoka mapema alfajiri, na hakuniambia anakwenda kuongoza au kuketi na watazamaji. Mimi niko barazani nasikiliza. Kuna sauti nyingi na upepo unazichanganya. Uliniuliza, au mimi nilikuuliza, mtoto atasimama na nani. Nafunga barua hii ngoma ikiwa bado inalia.

Kasiani


Kitangari
26 Julai 1998

Mwanangu Veridiana,

Anaandika Agatha, nasema mimi mama yako. Nimemwambia asipunguze neno.

Barua yako ya kuomba radhi niliipata zamani. Sikujibu kwa sababu sikuwa na kinywa cha kujibu. Sasa ninacho. Nimekusamehe, usiirudie habari hiyo.

Mjomba wako amekuandikia kwamba nilinyamaza kutoka Ndanda. Kweli nilinyamaza. Ulimi wangu ulikuwa na kazi. Ulitoka jino hadi jino, ukifika kwa mgeni unapita bila kugonga hodi, unarudi tena. Nilikuwa nashangaa, mwanangu. Watu wasionijua, nchi nisiyoijua, chombo kisicho na damu, kimenirudishia kitu ambacho hata Mungu alikuwa ameshakichukua. Nisingeweza kusema na kushangaa kwa wakati mmoja.

Na ubavuni nikakuta ule mkwaruzo. Niliujua tangu ukiwa kwenye mpingo. Nilipomrudishia mjomba wako siku ya mwisho nilisema limekamilika, na mkwaruzo ulikuwepo. Kaka yangu haoni vizuri tangu masika ya mwaka juzi. Anaandika kwa kupapasa, anachonga kwa kupapasa, kalamu haina kosa. Anadhani hatujui, nasi tumemwacha adhani hivyo. Asingeteleza kama angekuwa na macho yake. Basi pale alipoteleza ndipo ulimi wangu unaposimama kila siku kumsalimia. Kama ungepafuta, ningekuwa na jino zuri tu.

Nimeongoza mimi. Tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na hakuna hata mmoja uliotoka na upepo. Mwanao amesimama na mimi, na nimesimama kwa ajili yako pia.

Sasa waulize hao watu wa mashine kama wanayo ya macho. Ikiwepo, mwambie mjomba wako kwamba ni wewe uliyewaza, si mimi.

Mama yako

Mama, huyu sasa ni mimi Agatha. Shikamoo. Mambo ya kule ndani nimekatazwa kuyaandika, lakini hili lilitokea nje kwa hiyo naweza. Siku tulipotolewa tulipita mbele ya nyumba ya babu Kasiani. Alikuwa barazani, amevaa kanzu safi. Bibi alikuwa mbele yetu, akamtazama, akacheka kinywa wazi bila kanga, akapita. Babu akaniita akaniuliza, "Nani huyo aliyecheka?" Nikamwambia ni bibi. Akasema, "Najua. Nilitaka mtu aniambie."

Agatha